Mzee Majeruhi na Mwili Aliofika Nao Hospitali

Watu wawili wanaweza kugongwa na pikipiki kwenye barabara moja, siku moja, wakavunjika paja mahali palepale. Mmoja akarudi kwake akitembelea fimbo, mwingine akarudishwa kwenye jeneza. Mmoja akiwa kijana na mwingine mzee, tunaridhika kusema ni umri. Lakini wakiwa wazee wawili wa rika moja, wametoka kata moja na wamepokelewa na daktari mmoja, umri unakuwa haujibu kitu. Hapo inabidi tuuangalie mwili wenyewe: ulikuwa na nyama kiasi gani siku ile ya ajali, ulikuwa unakula nini mwezi uliotangulia, na ulikuwa na nguvu gani ya kustahimili siku kumi za kulala chali.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hali ya lishe ambayo mzee anafika nayo ni sehemu ya jeraha lake. Inastahili kupimwa siku ya kwanza kama presha inavyopimwa, na kwa eneo kama Tengeru hakuna kisingizio cha kutoipima, kwa sababu karibu kila kinachohitajika tayari kipo.

Tengeru panafaa sana kulitazamia jambo hili. Jumatano na Jumamosi gulio linafurika ndizi, mnafu, maharage, maparachichi na maziwa mgando kutoka miteremko ya Meru. Utafiti wa mboga na matunda wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, upo hapo hapo. World Vegetable Center imekuwa na kituo chake cha kanda upande wa Duluti tangu 1992, na Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha sayansi ya chakula na lishe hadi shahada ya uzamivu. Katikati ya neema yote hiyo inapita barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kimepanuliwa kuwa njia nne, magari yanakimbia, bodaboda zinakatiza, na mzee mwenye kikapu anatakiwa avuke. Wengine hawafiki hata barabarani: wanaanguka mgombani, kwenye ngazi za udongo zilizolowa mvua, au wanasukumwa na ng'ombe wakati wa kukamua. Majeruhi wa namna hii hupokelewa Hospitali ya Wilaya ya Meru pale Patandi, au Nkoaranga. Hali ikiwa mbaya hupelekwa hospitali ya Mount Meru au ile ya Kilutheri mjini Arusha, na wale wa kichwa na uti wa mgongo mara nyingi huishia hospitali ya KCMC, Moshi.

Wakishaingia chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, hatari inajulikana. Mwaka 2014 Dkt. Hendry Sawe wa Muhimbili na wenzake walichapisha mapitio ya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 5,600 waliolazwa ICU za hospitali kubwa za rufaa nchini. Takriban 41 katika kila 100 walifariki. Majeraha ndiyo yaliyoongoza kwa kuwaleta wagonjwa humo, zaidi ya mmoja kati ya watano. Wengi walikuwa vijana na watu wa makamo, na naamini hapo ndipo mzee anapopotelea machoni petu. Wazee ni wachache wodini, hivyo kifo cha mmoja wao huonekana kuwa jambo lililotarajiwa, na kinachotarajiwa hakichunguzwi.

Vipimo vya kukadiria nani atapona vinasaidia kuficha jambo hilo. TRISS, kanuni iliyotoka Marekani mwaka 1987 na kuenea duniani, inachukua ukali wa jeraha, presha, pumzi, ufahamu, halafu inagawa binadamu wote kwenye makundi mawili: chini ya miaka 55, na 55 kwenda juu. Afrika Mashariki tuna kipimo chetu cha kujivunia, kile cha Kampala, kilichotengenezwa na Olive Kobusingye na Ronald Lett kwa ajili ya hospitali zisizo na maabara kubwa. Kinatumia umri, idadi ya majeraha makubwa, presha, kasi ya kupumua na ufahamu. Muuguzi anakimaliza kwa dakika chache. Vyote viwili vinahesabu miaka. Hakuna kinachouliza kama mgonjwa amepungua kilo ngapi tangu Krismasi. Humo ndani umri umebebeshwa mzigo wa mambo mengi: moyo uliochoka, figo zilizopungua kasi, dawa za presha, na kukonda. Mengi kati ya hayo daktari hawezi kuyarudisha nyuma. Kukonda ni mojawapo ya machache anayoweza kuyafanyia kazi, ndiyo maana kuacha kukonda kufunikwe ndani ya neno umri ni hasara.

Jeraha kubwa lina tabia moja iliyogunduliwa zamani. Miaka ya 1930, huko Glasgow, David Cuthbertson alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kuliko kiasi ambacho mfupa uliovunjika ungeweza kueleza. Mwili mzima ulikuwa unabomoa misuli yake. Leo tunajua kwa nini. Kidonda kinahitaji protini ya kufungia, kinga inahitaji protini ya kupigania, ini linahitaji malighafi ya kutengenezea sukari, na vyote vinachotwa kwenye msuli, kwa sababu msuli ndio ghala la mwili. Mwaka 2013 watafiti wa London walipima kwa altrasaundi msuli wa mbele wa paja kwa wagonjwa mahututi: ndani ya siku kumi ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Kijana anayeingia na mapaja ya mcheza mpira anaweza kuubeba upungufu huo. Mzee ambaye mapaja yake yalishapungua nusu kabla hajagongwa anapungukiwa na msuli wa kukohoa, wa kuvuta pumzi bila mashine, wa kujigeuza kitandani. Vifo vya wazee wengi majeruhi havitokei saa ya kwanza kwa kuvuja damu. Vinakuja siku ya nane, ya kumi na tano, kwa nimonia, kwa vidonda vya kulalia, kwa mshono uliokataa kufunga.

Na mzee wa kwetu anafika akiwa amekonda kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kukaa naye nyumba moja. Anaishi peke yake au na wajukuu, na sufuria ikiwa ndogo, anawapa wao kwanza. Meno yamebaki machache, kwa hiyo nyama imeachwa, makande yameachwa, imebaki chai na ndizi laini. Mwenza akifariki, hamu ya kupika inazikwa pamoja naye. Loshoro, mtori wenye nyama na maziwa mgando ni vyakula ambavyo mzee wa Kimeru alikulia, na vina kila anachohitaji, lakini vinataka mtu wa kuvipika. Pia tusidanganywe na kitambi. Bibi mnene mwenye kisukari anaweza kuwa na mafuta mengi na msuli mdogo sana, akapokelewa hospitalini kama mtu aliyeshiba.

Meru kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilifikirii: maji. Chemchemi nyingi za mlima huu zina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana kituo cha Ngurdoto kimetumia miaka mingi kutafiti namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Watu wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia ya vijana. Kwa mtu aliyeyanywa maji hayo miaka sitini, inaweza kuingia kwenye mifupa: mfupa ukaonekana mzito kwenye picha ya eksirei kumbe ni mkavu wa kuvunjika, viungo vikakakamaa, mgongo ukapinda. Mgongo uliopinda unaharibu pia kipimo cha lishe kilichozoeleka, kile cha kulinganisha uzito na urefu. Mzee anaonekana mfupi kuliko alivyokuwa, hesabu inampandisha, na karatasi inasema yuko sawa. Ukiongeza kwamba majeruhi wa nyonga hawezi kusimama kwenye mizani wala kwenye ubao wa urefu, utaona kwa nini sehemu ya uzito kwenye faili mara nyingi huachwa wazi.

Basi kipimwe nini? Wafaransa mwaka 2005 walitoa kipimo cha hatari ya lishe kwa wazee kinachochanganya albumini ya kwenye damu na uwiano wa uzito wa mgonjwa na uzito unaomfaa. Chini ya 82 ni hatari kubwa, juu ya 98 hakuna hatari. Watafiti wa Kaohsiung, Taiwan, wamekitumia kwa wazee majeruhi na kuona kwamba wenye alama za chini hufariki zaidi hospitalini. Mimi nakikubali kama kengele, si kama ushahidi wa njaa. Albumini huchukua karibu wiki tatu kupungua nusu kwenye damu, kwa hiyo haionyeshi njaa ya siku chache; lakini jeraha kubwa na dripu nyingi huishusha kwa siku moja au mbili hata kwa mtu aliyekuwa anakula vizuri. Chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Marekani kimeshatamka kwamba albumini ni alama ya uvimbe na ukali wa ugonjwa, na isitumike kama kipimo cha lishe. Kwa hiyo tafiti zinazosema albumini ikiwa chini vifo vinaongezeka zinasema kweli, ila kweli hiyo haithibitishi kwamba kumlisha mzee kungemwokoa. Msomaji wa tafiti hizi asilikose hilo.

Kilicho bora kwa Patandi ni rahisi zaidi. Zahanati za Tanzania zina ule mkanda wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto: nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano, halafu kijani kuanzia 12.5. Mama anaujua, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaujua. Kwa mzee utepe wa sentimita wa kawaida unatosha. Zungusha kwenye shavu la mguu mzima, ule usiovunjika: chini ya sentimita 31, mashaka yanaanza. Pima kutoka kisigino hadi juu ya goti akiwa amelala, utapata makadirio ya urefu aliokuwa nao kabla mgongo haujapinda. Halafu waulize ndugu. Fundi cherehani na mke wanajua kupungua kwa mtu kabla ya daktari. Mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya ni taarifa ya kitabibu.

Sehemu ngumu ya swali hili ni ya pili: ukishajua kwamba mzee amekonda, je, kumlisha ICU kunamwokoa? Hapa ni lazima tuwe waaminifu, maana majaribio makubwa ya miaka ya karibuni yamepunguza matumaini. Lile la protini nyingi lililochapishwa 2023, lenye wagonjwa 1,329 kutoka nchi 16, halikuonyesha kwamba kuongeza dozi ya protini kunawafanya watoke hospitali wakiwa hai mapema, na wale ambao figo zao zilikuwa zimegoma walielekea kuumia. Ufaransa, mwaka huohuo, wagonjwa zaidi ya 3,000 wenye mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha presha waligawanywa. Waliolishwa kidogo wiki ya kwanza hawakufa zaidi kuliko waliolishwa kwa ukamilifu, na walikuwa tayari kutoka ICU mapema kidogo. Mwili ulio katikati ya dhoruba hauwezi kujenga msuli hata ukiujaza.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Mtu aliyekaa bila kula siku nyingi akimiminiwa chakula ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, moyo ukayumba. Hili lilionekana kwa mateka wa vita walioachiwa huru baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu wa namna hiyo aanze na kilokalori 10 tu kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akiwa amepewa vitamini B1 kwanza. Ndugu anayeleta termosi tatu kwa upendo siku ya kwanza anapaswa kuelezwa hili kwa upole.

Lakini wiki ya kwanza ikipita, mambo yanageuka, na hapo ndipo kwetu tunapoteza watu. Miongozo ya Ulaya ya 2019 inasema mgonjwa asiyeweza kula mwenyewe aanze kulishwa kwa mpira ndani ya saa 48 na apandishwe taratibu hadi takriban gramu 1.3 za protini kwa kilo. Mzee wa kilo 50 anafikia gramu 65, pamoja na kilokalori kama 1,250. Sasa tazama uji mwepesi wa mahindi, ule unaopita kwenye mpira bila kuuziba, wenye gramu 80 za unga kwa lita. Lita moja ina kilokalori zisizofika 300 na protini kama gramu 6. Ili mzee huyu apate nguvu yake anahitaji lita nne na zaidi kwa siku. Ili apate protini yake, lita kumi. Hakuna tumbo la mzee linalopokea hivyo. Kwenye chati itaandikwa "amelishwa mara sita", na kila aliyesaini atakuwa amesema kweli, huku mgonjwa akiendelea kukonda. Lita mbili za maziwa ya ng'ombe, kwa kulinganisha, zinakaribia mahitaji yote mawili kwa mkupuo.

Dawa ya uji huo mwepesi iko gulioni Tengeru, inauzwa kwa watengeneza mbege: kimea cha ulezi. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu vyakula vya kulikiza watoto, wakionyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa ukitiwa kwenye uji mzito unaulainisha, kwa kuwa kimeng'enya cha mbegu inayoota kinakata wanga. Uji wa gramu 200 za unga kwa lita unaweza kutiririka, na hiyo ni kilokalori zaidi ya 700. Ukiongezwa maziwa, yai lililoiva au unga wa soya, protini inafuata. Kimea kitiwe uji ukiwa vuguvugu, kisha uchemshwe tena, maana nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu. Na kinachopita kwenye mpira kiidhinishwe na afisa lishe au daktari, hasa kwa mwenye kisukari au figo mbovu. Elimu hii ilizaliwa kwa ajili ya watoto wachanga. Sioni sababu ya kutoipandisha ghorofa moja hadi wodi ya wazee.

Kuna kosa jingine linalotokea hospitali nyingi na halina gharama kulirekebisha. Mzee wa nyonga anaambiwa asile tangu usiku kwa ajili ya upasuaji wa kesho. Saa tisa alasiri anaambiwa orodha imejaa, hadi Alhamisi. Usiku wa Jumatano anafungishwa tena. Miongozo ya usingizi inataka saa sita tu bila chakula kigumu na saa mbili bila maji. Mtu akifungishwa hivyo mara tatu kwa wiki, ni njaa iliyoandikwa na hospitali yenyewe.

Ushahidi unaonipa matumaini zaidi hautoki kwenye mashine. Huko Cardiff, katika jaribio lililochapishwa 2006, wanawake 302 wenye miaka 65 na zaidi waliovunjika nyonga waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa wasaidizi wa lishe, watu wasio madaktari, waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa, wakamuuliza anapenda nini, wakamkatia chakula, wakamlisha, wakaandika alichobakiza. Wodini walifariki asilimia 4.1 dhidi ya 10.1. Baada ya miezi minne, 13.1 dhidi ya 22.9. Ni jaribio dogo, la wodi na si la ICU, na peke yake halitoshi kutunga sera. Hata hivyo Uswisi mwaka 2019, kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa wodi za kawaida waliokuwa na hatari ya utapiamlo, kulishwa kwa mpango wa mtu binafsi kulishusha vifo vya siku 30 kutoka asilimia 9.9 hadi 7.2. Mwelekeo ni mmoja. ICU inamshikilia mzee asife. Anayemrudisha nyumbani ni yule anayekaa naye na kijiko baada ya kutoka ICU. Na hapa Tanzania huyo yupo tayari: ni binti, mkwe, mjukuu anayelala kwenye benchi nje ya wodi. Uingereza walilazimika kuajiri. Sisi tunahitaji kumfundisha aliyepo na kumwachia muda wa kuingia.

Kinachokosekana ni mzee kuonekana kwenye mipango. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973. Halmashauri zina maafisa lishe, wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na kazi iliyofanyika kwa watoto na wajawazito ni ya kusifiwa. Mwaka 2021 zilikuja shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na kununua vitanda vya ICU. Vitanda vimeongezeka. Ila afisa lishe wa halmashauri anapimwa kwa udumavu wa watoto, na hakuna anayemuuliza habari za mkono wa bibi wa miaka sabini aliyelala Patandi. Halmashauri ya Meru inaweza kulianza hili bila kusubiri Dodoma: utepe wa sentimita mapokezi, swali la uzito kwenye faili, na afisa lishe kupita wodi ya majeruhi mara mbili kwa wiki.

Nawe msomaji, ukimfikisha mzee wako hospitali amevunjika, usisubiri kuulizwa. Mwambie muuguzi alikuwa anakula nini wiki mbili zilizopita, nguo zilianza kumlegea lini na anatafuna kwa meno mangapi, kisha omba yaandikwe kwenye faili.